Lenzi Moja kwa Kila Picha

Lenzi ya Tamron ya milimita 18 hadi 400, iliyotoka mwaka 2017, humwezesha mpiga picha kunasa mandhari pana na, kwa kuzungusha pete yake tu, kumvuta karibu ndege aliye mbali, bila kubadili lenzi na kuruhusu vumbi lifike kwenye kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Hata hivyo, katika milimita 400 tundu lake la kupitishia mwanga haliwezi kufunguka kupita f/6.3, kwa hiyo jioni mnyama anayekimbia hutoka na ukungu au picha hujaa chengachenga. Kwa msafiri wa mchana lenzi hii inatosha kabisa. Mpiga picha za harusi za usiku atafute nyingine.