Barafu ya Kilimanjaro haihitaji haraka yenu



Juzi natoka dikoni Malindi, vijana wa mtaani kwetu wakanizuia njiani. Wamechangishana fedha, wanataka kwenda kupiga kambi Kilimanjaro, karibu na barafu, kabla haijamalizika. Hesabu wameshapiga: boti mpaka Dar es Salaam, treni mpaka Moshi, siku tano mlimani, kisha kurudi. "Ami, unaonaje?" Nikawaambia nitawajibu redioni, maana si wao peke yao wanaouliza.

Kwanza safari. Treni ya abiria ya Moshi ilirejea mwaka 2019, baada ya kusimama zaidi ya miaka 20. Lakini reli hukuacha mjini. Kutoka hapo ni gari mpaka lango la hifadhi, halafu ni miguu yako. Wanaopita Marangu hulala vibandani. Njia nyingine ni mahema. Kambi moja kubwa ya kuanzia safari ya kileleni inaitwa Barafu, mita 4,673 juu ya bahari. Wachache hulala juu zaidi, ndani ya shimo la volkano la Kibo, kiasi cha mita 5,700, jirani na barafu iitwayo Furtwängler.

Pili, barafu yenyewe. Wengi tunadhani inayeyuka tu kama ile ya kuhifadhia samaki. Sivyo hasa. Kule kileleni baridi huwa chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote. Kinachoila barafu zaidi ni jua na ukavu. Theluji mpya, kwa weupe wake, hurudisha mwanga wa jua. Ni kama gunia ambalo mchuuzi hufunikia barafu yake. Theluji ikiadimika, barafu hubaki wazi, na nyingine hugeuka mvuke bila hata kuwa maji. Wataalamu wanauhusisha ukavu huo na mabadiliko ya Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga ukuta wa Forodhani, na joto la dunia linazidisha madhara.

Mwaka 1889 msafara wa Hans Meyer ulilazimika kuchonga ngazi kwa shoka katika barafu ndipo ufike juu. Leo wapandaji hukanyaga changarawe. Kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu lilipungua kwa kiasi cha asilimia 85. UNESCO mwaka 2022 ilitahadharisha kwamba huenda isiwepo ifikapo 2050.

Basi vijana wana haki ya kutaka kwenda. Ninalokataa mimi ni zile siku tano. Najua zinatoka wapi: ada za hifadhi hulipwa kwa siku, na kila siku inayokatwa ni fedha iliyookolewa. Lakini sisi tunalala usawa wa bahari. Pale kwenye shimo la Kibo, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni tunayoipata hapa, na mwili unataka siku za kuzoea. Kichwa kikiuma na chakula kikakataa, hiyo ni ilani. Mtu akianza kuyumba, kuropokwa, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, hiyo ni khatari ya kifo, na dawa yake kubwa ni kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku.

Kwa hiyo wanangu, fanyeni siku saba au nane. Fedha isipotosha, ngojeni mwakani. Barafu bado itakuwepo. Na kabla hamjapanda boti, ahidianeni mambo mawili: mzito kuliko wote ndiye atakayepima mwendo, na mgonjwa atateremshwa bila kuchekwa wala kubishiwa. Kundi lisiloweza kuahidiana hayo lisiondoke Malindi.

Tukijaaliwa, wiki ijayo. Kwaherini.