Damu Inapokataa Damu

Tukisikia mtu amepungukiwa damu, mara moja tunafikiria malaria, minyoo au lishe duni. Mara nyingi ni kweli. Lakini wako wanaokula vizuri, hawana malaria, na bado damu inawaishia. Tuwaangalie hao.

Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Mwili una askari wake, yaani kingamwili, wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea, wakazishika chembe nyekundu za mwili wenyewe kana kwamba ni adui. Chembe zilizoshikwa huharibiwa mapema, hasa zikipita kwenye wengu (bandama).

Mgonjwa huchoka, huishiwa pumzi, moyo humwenda mbio. Macho huwa ya manjano, na mkojo huweza kuwa mweusi kama chai ya rangi. Pengine chanzo hakijulikani. Pengine ni ugonjwa mwingine, au dawa, kama methyldopa ya shinikizo la damu. Kwa hiyo nenda hospitali na dawa zako zote.

Kipimo chake kinaitwa Coombs, kwa jina la Robin Coombs, aliyekieleza pamoja na wenzake huko Uingereza mwaka 1945. Huonyesha kama chembe zimeshikwa na kingamwili.

Sasa lipo jambo linalotia ndugu hasira. Mgonjwa anahitaji kuongezewa damu, na maabara inasema damu za wachangiaji wote zimekataa. Wengine hudhani wanatakiwa rushwa. Sivyo! Kingamwili zile zile hushika chembe za karibu kila mtu, hata za ndugu wa tumbo moja. Maabara hutafuta damu inayofaa zaidi, na kazi hiyo huchukua muda. Tuwasaidie kwa kusema kama mgonjwa aliwahi kuongezewa damu au kushika mimba. Maisha yakiwa hatarini, daktari huweza kuamua apewe damu hiyo huku akiangaliwa kwa karibu, maana kumwacha bila damu kungemuua.

Tiba ya kwanza kwa wengi ni prednisoloni. Usiiache ghafla kwa kuwa umepata nafuu. Daktari ndiye huipunguza kidogo kidogo. Vidonge vya kuongeza damu pekee ni kujaza maji ndoo iliyotoboka.

Ukiona uchovu pamoja na macho ya manjano, usingoje. Wahi hospitali.