Tarikhi kwa Mtoto Anayeanza Kusoma

Siku si nyingi zilizopita tulikuwa wageni katika nyumba moja ya jamaa zetu wa pwani. Baada ya sala ya Alasiri akaletwa mbele yetu kijana wa miaka saba ili tumsikilize kusoma. Alisoma sura fupi za juzuu ya Amma kwa matamshi safi kuliko ya wengi wetu, kisha akatusomea kitabu chake cha skuli bila ya kusita. Tukafurahi, tukamwuliza katika mazungumzo tu: "Je, mwanetu, zamani nani alikuja katika pwani yetu hii?" Akajibu mara moja: "Vasco da Gama." Tukamwuliza: "Na kabla yake?" Akatutazama, akamtazama baba yake, akanyamaza.

Kijana hakukosa. Vasco da Gama alikuja, mwaka 1498. Kilichotuhuzunisha ni kule kunyamaza kwake, kwani babu yake alikuwa ameketi pale pale ukumbini, na bibi yake yumo ndani, na hapana katika watu wazima wa nyumba ile aliyekuwa amepata kumsomesha mtoto huyu hata sentensi moja juu ya waliotangulia.

Desturi yetu ni kuiacha tarikhi mpaka mtoto awe mkubwa, aweze kuhifadhi majina na miaka. Sisi twaona kuwa huko ni kuchelewa. Mtoto anapoanza kuzitambua herufi huwa na uchu wa kusoma kila akionacho, hata karatasi iliyofungiwa sukari. Wakati huo ndio wa kumwekea mbele ya macho yake khabari za wazee wake. Na kazi hii haihitaji fedha wala mwalimu mwenye shahada.

Aanze na vyombo vya nyumbani. Mama achukue vipande vya karatasi ngumu, aandike kwa herufi kubwa: KINU, MLANGO, SANDUKU, na kila kipande akibandike mahali pake. Mtoto akishayazoea maneno hayo, karatasi ibadilishwe: "Sanduku hili ni la bibi." Baada ya wiki, nyingine: "Bibi alipewa na mama yake." Mtoto atauliza mama wa bibi aliitwa nani, na jibu lake ndilo litakaloandikwa kwenye karatasi ya tatu. Hapo amekwisha kuingia katika tarikhi, naye adhani anajifunza kusoma tu.

Kisha atengenezewe kitabu. Karatasi nne zikikunjwa kati na kushonwa kwa uzi hutoa kurasa kumi na sita, nazo zatosha. Kila ukurasa uwe na sentensi moja, na chini yake nafasi ya mtoto kuchora. Sisi tulimwandikia kijana yule khabari ya Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Sentensi zenyewe zilikuwa hizi: Ibn Battuta alikuja Kilwa. Alikuja kwa chombo cha baharini. Sultani wa Kilwa aliitwa Hasan. Siku ya Ijumaa sultani alitoka msikitini. Fakiri alimwita njiani. Fakiri aliomba nguo za sultani. Sultani alirudi, akavua nguo zake. Fakiri alizichukua.

Alikisoma mara tatu, na mara ya tatu alicheka alipofika penye kuvua nguo. Na si hadithi ya kubuni. Ibn Battuta mwenyewe ameieleza katika safari zake, na kwa ukarimu wake sultani huyo, Hasan bin Suleiman, aliitwa Abulmawahib, yaani baba wa vipawa. Sarafu za shaba zenye jina lake zimeokotwa katika magofu ya Kilwa.

Hapa pana jambo zito. Khabari hiyo haikuishia kwenye nguo. Mwana wa sultani alizikomboa nguo za baba yake kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyomsifu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wako wazazi watakaotaka sehemu hii ifutwe kabisa. Sisi hatukubaliani nao. Mtoto wa miaka mitano aachiwe kwenye nguo, kwani hapo ndipo penye kipimo chake. Lakini afikapo miaka minane au tisa asomeshwe yote, aelezwe kuwa watu hao walikuwa na mama zao na majina yao ambayo hayakuandikwa, na aonyeshwe pia namna Qurani ilivyoutaja ukombozi wa mtumwa kuwa ni katika mambo makubwa ya kheri. Akifichwa leo atayakuta mwenyewe kesho, na hapo hatatuamini hata katika yale tuliyomwambia kweli.

Tena tarikhi bila ya kipimo cha wakati humchanganya mtoto, kwani kwake yeye babu, Ibn Battuta na Nabii Nuhu wote ni watu wa "zamani". Dawa yake ni kamba. Mwanzo wa kamba ufungwe kitambaa cheupe: huo ndio Hijra ya Mtume wetu (S.A.W.), mwaka 622 wa Miladi. Kutoka hapo kila shibiri moja lipigwe fundo, na kila fundo ni miaka mia ya Hijra. Yatakuwa mafundo 14, na mkia kidogo unaobaki ndio miaka yetu tangu 1979. Sasa vining'inizwe vikaratasi. Kwenye fundo la 5: "Msikiti wa Kizimkazi", kwani katika mihrabu ya msikiti huo, kusini ya Unguja, umechongwa kwenye mawe mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, ingawa jengo lilijengwa upya baadaye. Ibn Battuta yuko mbele kidogo ya fundo la 7. Na Vasco da Gama? Mtoto akimtafuta kwa kidole chake atamkuta amelipita kidogo tu fundo la 9.

Kamba ya kijana yule imefungwa ukumbini, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Tuliporudi kuwatazama, alikuwa amesimama juu ya kiti na kikaratasi mkononi, akimwuliza bibi yake alizaliwa mwaka gani apate kumtundika mahali pake. Bibi hakuujua mwaka. Akasema alizaliwa msimu wa karafuu nyingi, wakati kaka yake mkubwa alipokuwa tayari akipanda mikarafuu. Mtoto akashuka, akatafuta kalamu, akaketi sakafuni miguuni pake. "Sema polepole, bibi," akamwambia, "niandike."