Kuuvuka Ukuta wa 1870

Sensa ya Marekani ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyokusudia kuwaandika Wamarekani Weusi wote kwa majina yao. Kabla ya hapo waliotajwa ni wale waliokuwa huru. Watumwa, ambao mwaka 1860 walikaribia milioni 4, waliwekwa katika majedwali ya peke yao. Humo bwana aliandikwa jina, na chini yake kila mtumwa alipewa mstari wenye umri, jinsia na rangi ya ngozi tu. Mtu anayeufuatilia ukoo wake kurudi nyuma hufika sensa ya 1870, na akirudi nyuma zaidi hukuta mistari isiyo na majina. Watafiti wa nasaba huuita mpaka huo ukuta wa 1870.

Kumbukumbu za kuuvuka ukuta huo zilikuwapo tangu mwanzo. Tarehe 3 Machi 1865, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikielekea mwisho, Bunge la Marekani liliunda Ofisi ya Wakimbizi, Waliokombolewa na Ardhi Zilizotelekezwa, kwa kifupi Ofisi ya Waliokombolewa. Iliwekwa chini ya Wizara ya Vita, ikaongozwa na Jenerali Oliver Otis Howard, na ikafungwa mwaka 1872. Iligawa chakula na nguo, iliendesha hospitali, ilisaidia kufungua shule, ilisimamia mikataba ya kazi kati ya waliokombolewa na wenye mashamba, ilipokea malalamiko ya dhuluma na iliandikisha ndoa. Kila kazi iliacha karatasi, na karatasi hizo zilijaa majina.

Daftari la ndoa ni mfano mzuri. Sheria za majimbo ya utumwa hazikuitambua ndoa ya mtumwa, kwa hiyo baada ya ukombozi watu waliokwisha kuishi pamoja kwa miaka mingi walikwenda kuandikishwa upya. Katika madaftari kadhaa ya Mississippi, karani aliwauliza pia kama waliwahi kuishi na mwenzi mwingine, kwa miaka mingapi, walizaa watoto wangapi na kipi kiliwatenganisha. Mstari mmoja wa namna hiyo unaweza kurudisha familia nzima iliyovunjwa na mnada. Mikataba ya kazi nayo hutaja watu wa nyumba moja waliokubali kulima pamoja, ujira wao na jina la mwenye shamba. Jina la mwenye shamba lina uzito wake, kwa kuwa mara nyingine yeye ndiye aliyekuwa bwana wao kabla ya vita. Kwa kulifuata, mtafiti hufikia wosia, orodha za mirathi na hati za mauzo, ambamo watumwa walitajwa kwa majina yao ya kwanza miongoni mwa mali.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 100 utajiri huo haukuwafikia wazao wa watu hao. Nyaraka zilipangwa kwa jimbo, kituo na aina ya karatasi, jinsi ofisi ilivyofanya kazi zake, na si kwa jina la mtu. Aliyemtafuta babu yake alipaswa kwanza kujua aliishi wilaya gani, kisha asome kurasa kwa mamia bila uhakika wa kumkuta. Majina yenyewe yaliongeza ugumu. Wengi walijichagulia jina la ukoo baada ya kuwa huru, na si lazima liwe la bwana wao wa mwisho. Makarani nao waliandika walivyosikia, hivyo mtu mmoja huonekana kwa tahajia mbili au tatu. Kilichokosekana hapo ni faharasa, yaani orodha inayoonyesha kila jina limo katika ukurasa gani.

Kabla ya faharasa huja hifadhi. Wino uliozoeleka katika karne ya 19 ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini, nao una asidi ambayo huila karatasi polepole. Kila mkono unaofunua ukurasa huongeza uchakavu. Dawa ya karne ya 20 ilikuwa mikrofilamu, ukanda unaobeba picha ndogo za kurasa, ambao ukihifadhiwa mahali penye ubaridi na ukavu unaweza kudumu kwa karne kadhaa. Jumuiya ya Nasaba ya Utah, iliyoanzishwa mwaka 1894 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ilianza kupiga kumbukumbu za nchi mbalimbali kwa mikrofilamu mwaka 1938. Nakala zake kuu huwekwa katika ghala lililochimbwa ndani ya mlima wa matale karibu na Salt Lake City. Shirika lililorithi kazi hiyo, FamilySearch, lilikamilisha mwaka 2021 kugeuza mikanda yake milioni 2.4 hivi kuwa picha za kidijitali. Nyaraka za Ofisi ya Waliokombolewa zilipata sheria yake mwaka 2000, iliyoiagiza Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani kuzipiga picha zote. Baadaye picha hizo zilitiwa kwenye kompyuta, zikafika karibu milioni 1.5.

Kupiga picha kunauokoa ukurasa, ila hakulifanyi jina litafutike. Hapo ndipo watu wa kujitolea walipoingia. Jaribio kubwa la mwanzo lilihusu Benki ya Akiba ya Waliokombolewa, iliyofunguliwa mwaka 1865 na kufilisika 1874. Madaftari yake yalirekodi si majina ya waweka akiba peke yao, bali mara nyingi pia wazazi, wenzi, watoto, ndugu na mahali pa kuzaliwa. Wafungwa wa gereza la jimbo la Utah waliojitolea waliyanakili kwa muda wa miaka 11, na mwaka 2001 matokeo yakatolewa kwenye diski, yakiwa na majina yapatayo 480,000.

Intaneti iliiharakisha sana kazi ya aina hiyo. Tarehe 19 Juni 2015, siku ambayo Wamarekani Weusi huadhimisha kukoma kwa utumwa, mradi wa kutengeneza faharasa ya nyaraka za Ofisi ya Waliokombolewa ulitangazwa mjini Los Angeles. FamilySearch ilishirikiana na Hifadhi ya Taifa, Jumba la Makumbusho la Taifa la Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, na Jumuiya ya Historia na Nasaba ya Wamarekani Weusi. Mwaka mmoja baadaye, zaidi ya watu 25,000 wa kujitolea walikuwa wamekwisha kunakili karibu majina milioni 1.8.

Usahihi wa kazi ya watu wengi wasiofahamiana hutegemea utaratibu. Njia iliyotumiwa kwa miaka mingi na FamilySearch ilikuwa ya kunakili mara mbili. Mtu wa kujitolea alipokea fungu dogo la picha, akasoma mwandiko na kuchapa majina, tarehe na mahali katika nafasi zilizoandaliwa. Mwingine alipewa fungu lilelile pasipo kuona alichochapa wa kwanza. Programu ililinganisha majibu yao, na yalipotofautiana, mtu wa tatu mwenye uzoefu aliutazama ukurasa na kuamua. Ni vigumu wasomaji wawili kukosea herufi ileile kwa namna ileile, kwa hiyo kosa la mmoja hufichuliwa na mwenzake.

Siku hizi kompyuta nayo husoma mwandiko. Hulishwa maelfu ya mistari iliyokwisha kunakiliwa na watu, ikajifunza uhusiano wa maumbo na herufi. Sensa ya Marekani ya 1950 ilipofunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, faharasa yake ya awali ilisomwa na mashine, kisha watu wa kujitolea wakaisahihisha. Mashine hufanya vyema penye fomu za aina moja, na hutatizika penye wino uliofifia, vifupisho vya karani au jina lisilozoeleka. Maarifa yake yenyewe yametokana na jasho la wanakili waliotangulia.

Jina likishapatikana, mtafiti huhitaji habari zinazolizunguka. Kituo cha Unukuzi cha Smithsonian, kilichoanza mwaka 2013, kinawaalika watu kunukuu barua na taarifa za Ofisi ya Waliokombolewa neno kwa neno. Mradi wa Chuo Kikuu cha Villanova, ulioanza mwaka 2017, hukusanya matangazo ya magazeti ambayo kwayo waliokombolewa waliwatafuta mama, watoto na ndugu waliouzwa mbali. Tangazo moja linaweza kutaja mabwana watatu na majimbo mawili, habari ambazo hakuna daftari la serikali lililoziweka pamoja.

Vipimo vya vinasaba huongeza ushahidi wa aina nyingine. Watu wenye babu na bibi mmoja wa kizazi cha nne kwenda juu hushiriki kwa wastani asilimia 0.8 hivi ya vinasaba, kiasi kidogo ambacho kinatosha mara nyingi kuonyesha udugu. Lakini takriban mmoja kati ya kumi wa ndugu wa daraja hilo hana kipande chochote cha pamoja kinachopimika, hivyo kukosa mshabaha hakukanushi undugu. Kipimo huonyesha kwamba watu wawili wana asili moja. Jina la mzee aliyewaunganisha hupatikana kwenye karatasi.

Kwa sababu hiyo utafiti mzuri huanza kwa walio hai. Wazee huulizwa majina, makaburi na mashamba ya zamani, kisha sensa hufuatwa moja baada ya nyingine hadi 1870. Ndipo faharasa huonyesha kama jina hilo, au linalokaribiana nalo, limo katika mikataba, ndoa au benki za wilaya ileile. Faharasa hutumiwa kama njia ya kuufikia ukurasa wa asili, ambao lazima usomwe wenyewe, na umri, jamaa na majirani walinganishwe kabla ya kusema kuwa huyu ndiye. Majina mengi yalifanana, na ukoo uliounganishwa kwa haraka hupotosha vizazi vitakavyofuata. Wapo wasioonekana katika waraka wowote wa Ofisi ya Waliokombolewa. Kwa wanaoonekana, jina lililokuwa limelala ghalani tangu 1872 sasa hufikiwa na wajukuu wao, kwa sababu maelfu ya watu wasiowajua walikubali kuketi na kusoma mwandiko mgumu bila malipo.