Mafuta ya Ini kwa Mtu Aliyeacha Ngano

Mwaka 1888 tabibu mmoja wa London, Samuel Gee, aliandika risala fupi juu ya maradhi ya watoto ambayo humkondesha mtoto mikono na miguu hata ikabaki mifupa, tumbo likafura, na choo kikawa kingi, cheupe na chenye kunuka vibaya. Na ndani ya risala hiyo akakata shauri kwamba mgonjwa huyu, ikiwa amejaaliwa kupona, hatapona ila kwa chakula. Hapo alisibu. Lakini alipofika mahali pa kukitaja chakula chenyewe akateleza: wali, sagu na unga wa mahindi aliviharimisha, na mkate uliokatwa vipande vyembamba ukachomwa pande zote mbili akauhalalisha. Amehadithia vilevile habari za mtoto mmoja aliyekuwa akilishwa kila siku kome wa Kiholanzi, zaidi ya lita nzima, akanawiri ajabu, na msimu wa kome ulipokwisha maradhi yakamrudia. Gee hakuijua sababu. Sisi leo twaweza kuikisia, maana kome hana ngano, na mtoto aliyeshiba kome yamkini hakuwa na haja kubwa ya mkate.

Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ngano yenyewe haijashitakiwa waziwazi. Tabibu wa watoto Willem Dicke, aliyekuwa akifanya kazi The Hague katika Uholanzi, aliushuku mkate tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kisha ukaja ule msimu wa baridi wa 1944 na 1945, ambapo chakula kilizuiwa kisiwafikie watu wa magharibi ya nchi ile, wakafa kwa maelfu, na waliosalia wakala hata vitunguu vya maua, ilhali watoto wenye maradhi haya waliotibiwa na Dicke, badala ya kuzidiwa, walipata nafuu. Mwaka 1950 aliiweka hoja yake katika tasnifu aliyoitoa Utrecht, na yeye na wenzake wakaithibitisha kwa njia isiyopendeza lakini isiyo na shaka, nayo ni kupima mafuta katika choo cha mgonjwa: akipewa ngano mafuta yanayotoka huongezeka, akinyimwa ngano hupungua. Nayataja mafuta haya kwa makusudi. Yale yaliyokuwa yakimtoka mgonjwa pasipo kumfaa, siku hizi matabibu huyakuta yamekaa katika ini la mgonjwa wa namna ile ile, tena baada ya utumbo wake kupona.

Maradhi yenyewe huitwa siliaki, na asili yake ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, humgeukia mwenyewe pindi anapokula gluteni, nayo ni protini iliyomo katika ngano, katika shayiri na katika rai, nafaka ya nchi za baridi. Ndani ya utumbo mwembamba mna vijidole vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula na kukipeleka katika damu. Kinga hiyo iliyopotoka huvila vijidole hivyo hata ukuta wa utumbo ukawa tambarare, na chakula kikapita bila kumfaa mtu. Hurithiwa katika ukoo, ingawa si kila aliyerithi mbegu yake huugua. Hukadiriwa kuwa duniani kote mtu 1 katika kila 100 anayo, na wengi wao hawajui. Na kati ya Waarabu wa Sahara ya Magharibi, wale Wasahrawi, watoto walipopimwa ilionekana kuwa zaidi ya 5 katika kila 100 wanayo, idadi ambayo haijapata kuonekana mahali pengi. Dawa yake hadi leo ni moja: kuiacha gluteni maisha yote, hata chembe.

Sasa tuliangalie ini. Ini ni bohari ya mwili, na vingi vinavyofyonzwa na utumbo hupitia kwanza mlangoni kwake kabla ya kuenea kwingineko. Likipokea sukari na mafuta kuliko mwili unavyoweza kutumia, hugeuza ziada hiyo kuwa mafuta na kuyaweka ndani ya seli zake. Na seli zilizojaa mafuta zikizidi 5 katika kila 100, matabibu husema ini limeingiwa na mafuta. Zamani ilidhaniwa kuwa haya ni malipo ya walevi peke yao. Leo zaidi ya robo ya watu wazima wa dunia wanayo, wengi wao wasioonja kileo kamwe, na aghalabu hayaumi wala hayawashi, mpaka siku mtu apimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti kwa sababu nyingine kabisa, na mpimaji, akikitelezesha chombo chini ya mbavu za kuume, aone katika kioo chake ini linang'aa jeupe kuliko figo lililo jirani yake, hali katika mwili wenye siha viwili hivyo hukaribiana rangi. Wengi huishia hapo bila madhara makubwa. Baadhi yao ini huvimba, likaanza kuota makovu, makovu yakakaza, na mwishowe likasinyaa au likapatwa na saratani.

Njia zinazoyakutanisha maradhi haya mawili ni mbili, na ni lazima zitenganishwe. Ya kwanza ni ya mgonjwa ambaye bado hajatambuliwa. Utumbo wake umechakaa, ukuta wake unavuja, na vitu ambavyo havikustahili kuingia katika damu hufika moja kwa moja kwenye ini na kulichokoza. Hata imeonekana kuwa kiasi cha watu wazima 4 katika kila 10 wenye siliaki isiyotibiwa huwa vimeng'enya vya ini, ambavyo ni alama ya ini lililochokozwa, vimepanda katika damu yao. Huyu, akiiacha gluteni kwa dhati, mara nyingi vimeng'enya vyake hushuka vyenyewe ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo tabibu aonaye vimeng'enya vya ini vimepanda pasipo sababu, mgonjwa si mlevi wala hana homa ya ini, hufanya vyema kuikumbuka siliaki.

Njia ya pili ndiyo yenye mushkeli. Mwaka 2015 wataalamu waliotazama daftari za afya za Sweden, zenye wagonjwa wa siliaki zaidi ya 26,000, waliona kuwa hatari yao ya kuandikiwa ini lenye mafuta ilikaribia mara 3 ya watu wengine, na ingawa hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi mwaka wa kwanza wa kutambuliwa, haikuondoka hata baada ya miaka mingi. Mwaka 2018 matabibu wa Bologna, katika Italia, waliwachukua wagonjwa 202 waliokuwa wakishika masharti ya kutokula gluteni, wakawalinganisha na watu 202 wasio na siliaki, wenye umri na umbo la kufanana nao. Kati ya wagonjwa, karibu 35 katika kila 100 walikuwa na mafuta ya ini. Kati ya wenzao, karibu 22. La kustaajabisha zaidi ni kwamba tofauti hiyo ilidhihiri hata kwa wale ambao si wanene, wala haikuelezeka yote kwa kisukari au shinikizo la damu. Watu hawa walikuwa watiifu kwa tabibu wao, wamekula walichoruhusiwa, na ini likaingia mafuta.

Mtu akitaka kuelewa imekuwaje, na asimame mbele ya rafu ya vyakula visivyo na gluteni katika duka la nchi kama Italia, achukue mkate mmoja na kuugeuza nyuma. Mkate wa ngano umeandikwa unga, maji, hamira, chumvi. Huu mwingine huanza na wanga wa mahindi, ukafuata unga wa mchele, wanga wa viazi au wa muhogo, sharubati ya sukari, mafuta ya alizeti, na namna mbili tatu za gundi. Wala si hila ya mwokaji. Gluteni ndiyo inayoufanya unga unyambuke na kushika pumzi ya hamira. Ikiondoka, donge hubomoka, na mwokaji hulazimika kutafuta cha kulishikamanisha na cha kulilainisha, na vilivyo rahisi ni wanga uliokobolewa, mafuta na sukari. Matokeo yake ni mkate wenye protini kidogo na nyuzinyuzi chache, ambao huyeyuka upesi kuwa sukari katika damu. Serikali ya Italia humlipia mgonjwa kila mwezi sehemu ya gharama ya vyakula hivi vilivyotengenezwa makusudi, nami sina neno la kuilaumu, maana ni ghali na maskini asingevipata. Ila naona fedha ile humsukuma mgonjwa kwenye rafu ya biskuti, ilhali dengu na wali, ambavyo havikupata kuwa na gluteni tangu vilipoumbwa, huvilipia mwenyewe.

Fauka ya hayo, utumbo wake sasa umepona. Yule aliyezoea kula sahani mbili na asinenepe, kwa kuwa nusu ilikuwa ikipotea, anaendelea na desturi yake ya sahani mbili, na mara hii hakipotei kitu. Jamaa zake humsifu kuwa amerudisha mwili. Kliniki nayo humwuliza jambo moja tu, kama amekula ngano, na akisema hakula hupewa tarehe nyingine akaenda zake, kiuno hakikupimwa.

Kwetu pwani siliaki haitajwi sana, lakini katika Sudani na Arabuni matabibu huijua vyema, na ndugu zetu walioko Maskati, au waliohamia Ulaya ambako mkate huliwa asubuhi na jioni, yapasa waijue. Aliyezaliwa katika jiko la Kiswahili ana bahati asiyoijua: mtama, uwele, wimbi, muhogo, ndizi, mahindi, mchele, kunde, mbaazi na choroko, vyote ni salama kwake maadamu havikusagwa katika kinu kilichotoka kusaga ngano. Atazikosa chapati na mandazi na sambusa, na sitamwambia kuwa si hasara. Ila jiko hilo hilo lina mtego. Kitumbua ni unga wa mchele, tui, iliki na hamira, hakina ngano isipokuwa muuzaji ameichanganya kidogo ili unga umtoshe, kwa hiyo na aulizwe; mkate wa kumimina vilevile. Mwenye siliaki huvipokea kwa furaha, kwa utumbo wake ni halali tupu. Kwa ini lake, kitumbua kilichojaa sukari, kikaogelea mafutani, kikafuatwa na chupa ya soda, hakina fadhila yoyote juu ya andazi. Heri mkate wa mofa wa mtama wa asili, kwa mchuzi wa samaki na mboga.

Amma matibabu, dawa ya kwanza ya ini lenye mafuta na makovu iliruhusiwa Marekani mwaka 2024, nayo haimwondolei mtu haja ya kubadili mlo. Mnene akipunguza sehemu 5 katika kila 100 za uzito wake, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifika 7 hadi 10, uvimbe hutulia, na makovu yenyewe yaweza kurudi nyuma. Na apunguze taratibu, kwani kujinyima ghafla kwaweza kulidhuru ini. Lakini aliye mwembamba, ambaye bado anajikusanyia nguvu baada ya maradhi ya utumbo, hapaswi kujikondesha tena: huyo abadilishe aina ya chakula wala si kipimo chake, aache vinywaji vya sukari kwanza kabla ya kitu kingine chochote, ale nafaka isiyokobolewa na jamii ya kunde, mafuta yake yawe ya zeituni au ya mbegu, na atembee kila siku. Kahawa haikukatazwa, tafiti nyingi zimeona kuwa makovu ya ini ni machache zaidi kwa wanywaji wake, nayo ile kahawa chungu ya barazani inafaa vizuri, madhali kashata imebaki sahanini.

Yabaki maneno mawili ya kutekelezwa. Mwenye siliaki, siku ya kurudi kliniki, asingoje kuulizwa: na aombe apimwe uzito, kiuno, sukari na vimeng'enya vya ini, na ikiwa vimepanda ingawa haligusi kabisa donge la ngano, aombe ini lake litazamwe kwa mashine. Na yule anayejishuku tu, ambaye tumbo humsumbua kila alapo mkate, asiiache ngano kabla ya damu yake kupimwa, kwa sababu alama za siliaki hufifia katika damu ya aliyeacha, na kipimo kitamwambia hana kumbe anayo.