Tumfunge ngamia, lakini tuijue kamba: ulinzi wa gari dhidi ya wizi

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), katika mkusanyo wa Imamu Tirmidhi, kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake: je, amfunge kisha amtegemee Mwenyezi Mungu, au amwache huru na kutegemea? Mtume akamwelekeza amfunge, kisha ategemee. Masheikh wetu huitumia Hadithi hii kutufundisha kwamba tawakkul haiondoi juhudi ya mja. Katika zama zetu, ngamia wa familia nyingi ni gari, na kamba yake imefichwa ndani ya ufunguo, nyuma ya usukani na chini ya dashibodi. Tofauti ni kwamba mwenye ngamia aliijua kamba yake na fundo lake, ilhali wengi wetu hatuijui. Na kamba ambayo mwenye mali haijui yaweza kumfunga yeye kabla ya kumfunga mwizi.

Katika Mkoa wa Katavi jambo hili lina uzito wa pekee. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, uko mbali na miji mikubwa. Kutoka Mpanda hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 300. Hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200, na njia hiyo hupita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Gari moja katika mtaa si starehe ya mwenyewe tu. Ndilo litakalompeleka mjamzito hospitali usiku wa manane, na ndilo litakalobeba jamaa kwenda maziko Inyonga au Karema, nasi tunajua kwamba dini inahimiza maiti asicheleweshwe. Gari linapokataa kuwaka saa kama hiyo, na kumbe halina ubovu wowote ila limemdhania mwenyewe kuwa ni mwizi, hasara yake haihesabiki kwa shilingi.

Tatizo linaanzia pale gari linaponunuliwa. Mengi ya magari yetu yametumika kwanza Japani. Kitabu cha maelekezo, kama kimo, kimeandikwa Kijapani, na mmiliki wa kwanza hayupo wa kuulizwa. Hivyo ni juu ya mnunuzi kuutambua mwenyewe ulinzi uliomo ndani ya gari lake.

Ulinzi usiotumia umeme

Kinga ya zamani kuliko zote ni kufuli ya usukani. Ufunguo ukichomolewa na usukani ukazungushwa kidogo, chuma hujitokeza na kuushika. Asiyejua huuzungusha ufunguo kwa nguvu mpaka ukavunjika ndani ya swichi. Dawa yake ni nyepesi: chezesha usukani taratibu kushoto na kulia huku ukizungusha ufunguo kwa mkono mlaini, nao utaachia. Magari ya gia otomatiki nayo hukataa kutolewa kwenye egesho mpaka breki ikanyagwe. Huo ni usalama, wala si ubovu.

Chipu iliyo ndani ya ufunguo

Kinga iliyo muhimu zaidi, na isiyofahamika zaidi, ni ile ambayo mafundi huiita imobilaiza. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyohitaji betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya. Ufunguo unapoingizwa, koili huiamsha chipu na kuisoma namba yake ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua namba hiyo, injini huwaka. Isipoitambua, hunyima injini mafuta au moto wa plagi: stata itazunguka bila injini kuwaka, au itawaka kwa sekunde moja au mbili kisha izime. Katika baadhi ya magari hata stata haizunguki.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Rimoti na chipu ni vitu viwili tofauti, hata vikikaa ndani ya kichwa kimoja cha ufunguo. Betri ya rimoti ikiisha, milango haitafunguka kwa kubonyeza, lakini ufunguo wenyewe bado utawasha gari. Kinyume chake, ufunguo uliochongwa kwa bei nafuu utafungua mlango vizuri, lakini kama gari lina imobilaiza hautaliwasha kamwe, kwa kuwa chuma kimenakiliwa na chipu haimo.

Faida ya kinga hii imeonekana wazi ng'ambo. Uingereza ilianza kulitaka kila gari jipya la abiria liwe nayo mwezi Oktoba 1998, na Kanada mwezi Septemba 2007. Marekani haikuweka sharti hilo, na magari mengi ya Kia na Hyundai yaliyouzwa huko katika miaka ya 2011 hadi 2021 hayakuwekewa. Mwaka 2022 video za kuonyesha namna ya kuyaiba zilienea katika mitandao ya kijamii, na wizi wake ukafumka katika miji mingi. Nchini Kanada, magari ya kampuni hizohizo hayakuwa na udhaifu huo, kwa kuwa yalikuwa na chipu.

Namna ya kutambua

Utajuaje kama gari lako linayo? Tazama kwanza dashibodi. Magari mengi yenye imobilaiza yana taa ndogo nyekundu, aghalabu yenye mchoro wa gari na ufunguo au kufuli. Ufunguo ukichomolewa, taa hiyo humetameta. Ufunguo sahihi ukiingizwa na kufunguliwa, huzimika. Ikiendelea kumetameta wakati unawasha, gari halijautambua ufunguo wako. Lakini taa pekee si ushahidi kamili, kwani alamu zilizofungwa baadaye nazo huwa na taa za namna hiyo.

Njia ya pili ni jaribio la nyumbani kwa gari la ufunguo wa kuzungusha. Viringisha kichwa cha ufunguo kwa karatasi ya aluminiamu ya kufunikia chakula, mara mbili au tatu, ukiacha chuma kitupu, kisha jaribu kuwasha. Karatasi huzuia mawasiliano ya chipu na koili. Gari likikataa, linayo imobilaiza. Ondoa karatasi, nalo litawaka kama kawaida. Likiwaka pamoja na karatasi, yaelekea halina, na itakupasa utafute kinga nyingine. Usishangae ikiwa gari la jirani lenye jina lilelile linayo na lako halina, kwani watengenezaji hutofautisha vifaa baina ya toleo na toleo.

Kwa magari ya kuwasha kwa kitufe, fahamu jambo moja litakalokuokoa njiani. Betri ya ufunguo ikifa, ndani yake mna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Ukiisha kuingia, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Katika magari mengi ya Toyota ni ule upande wenye nembo ndio unaogusishwa. Gari litaisoma chipu kwa karibu na kuwaka.

Ufunguo wa pili ni akiba

Gari lenye imobilaiza na ufunguo mmoja ni mtihani unaongoja siku yake. Kusajili ufunguo wa pili huku wa kwanza ukiwapo ni kazi fupi kwa fundi mwenye mashine. Ukipotea ule wa pekee, kazi hugeuka kuwa kubwa: mtaalamu atafutwe na kusafirishwa, au gari livutwe, au kompyuta yake ifunguliwe na kusajiliwa upya. Kwa mkazi wa Mpanda, na zaidi kwa aliye Mpimbwe au Mlele, gharama hiyo yaweza kuzidi mara nyingi bei ya ufunguo wa akiba.

Basi unaponunua gari, uliza funguo ziko ngapi kabla ya kuuliza rangi. Mwambie fundi afute funguo za zamani zisizo mikononi mwako, ili aliyeuza au dereva wake wa zamani asibaki na njia. Usiziweke funguo mbili zenye chipu katika pete moja, kwani zaweza kuvurugana zikikaribiana kwenye swichi. Na ufunguo wa akiba usikae ndani ya gari lenyewe. Mke au mtoto mkubwa na ajue ulipo.

Alamu, swichi ya siri na redio

Alamu huzuia kwa kelele. Nyingi huamka mlango unapofunguliwa kwa ufunguo wa chuma ilhali gari lilifungwa kwa rimoti. Kwa alamu nyingi za kiwandani, kufungua kwa rimoti au kuwasha gari kwa ufunguo sahihi hunyamazisha. Zile zilizofungwa na mafundi mara nyingi huwa na kitufe kidogo kilichofichwa chini ya dashibodi. Mwombe aliyekufungia akuonyeshe. Alamu inayolia kila lori linapopita ipunguzwe ukali, kwani ni adha kwa jirani, na jirani ana haki yake.

Wako pia wanaofunga swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu ya mafuta. Ni kinga nafuu na nzuri, ila kazi ikifanywa vibaya waya hulegea kwa mtikisiko wa barabara na gari likazima lenyewe. Kuzimikiwa katikati ya hifadhi, penye tembo na simba, si jambo la kutakia. Na kabla ya kuondoa betri kwa ajili ya matengenezo, kumbuka kwamba baadhi ya redio, hasa zenye ramani, hujifunga na kudai namba ya siri umeme unaporudi.

Kifaa cha kufuatilia, na mipaka yake

Vifaa vya GPS vimekuwa vingi. Hupokea mahali lilipo gari kutoka kwenye setilaiti, kisha hutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Kwa hiyo mahali pasipo na mtandao, kama zilivyo sehemu za misitu ya Katavi, taarifa hukatika. Vifaa vizuri huhifadhi kumbukumbu na kuituma mtandao urudipo. Baadhi huweza kuzima injini kwa ujumbe wa simu. Amri hiyo isitumwe gari likiwa katika mwendo, maana ndani yake huenda mna abiria wasio na hatia. Gari likiibwa, toa taarifa polisi mara moja, na uwape wao mahali lilipo badala ya kumkimbilia mwizi.

Lipo na suala la adabu. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametukataza kupelelezana. Mwenye gari anayo haki ya kulinda mali yake, lakini ni uadilifu kumweleza dereva kwamba kifaa kimo. Kilichowekwa kumzuia mwizi kisigeuke kuwa chombo cha kuwindana baina ya tajiri na mwajiriwa wake, au baina ya mume na mke.

Mwisho, tusisahau soko letu wenyewe. Vioo vya pembeni na taa huibwa kwa sababu wapo wanaovinunua. Kuchora namba ya gari kwenye vioo hupunguza tamaa ya mwizi, lakini anayenunua kioo akijua kimetoka wapi ndiye anayemlipa mwizi ujira wake.

Tenga jioni moja pamoja na familia. Hesabuni funguo, jaribuni ile karatasi ya aluminiamu, mjue kitufe cha alamu kilipo, na kila mwenye leseni ajifunze kuwasha gari betri ya ufunguo ikiwa imekufa. Kisha lifungeni gari, mvute mpini kuhakikisha mlango umeshika, na mtegemee kwa Mola wenu.

Wabillahi tawfiq.