HDL Nyingi Si Kinga ya Kutosha

Majibu ya kipimo cha mafuta kwenye damu huja na namba mbili ambazo wagonjwa wengi wamezizoea: LDL, inayoitwa kolesteroli mbaya, na HDL, inayoitwa nzuri. Wengi wakiona HDL iko juu, hupata faraja. Naona faraja hiyo imepita kiasi, na sababu yake inapatikana kwenye utando mwembamba unaoizunguka kila seli. Humo ndimo inamokaa sehemu kubwa ya kolesteroli ya seli, ikiupa utando ukakamavu. Utando una tabaka mbili za mafuta, na kolesteroli huvuka kutoka tabaka moja hadi nyingine kwa wepesi mkubwa. Kazi ngumu ni kutoka nje kabisa, kwa kuwa nje kuna maji, nayo haiyeyuki kwenye maji. Ikiachwa ijing'oe yenyewe huchukua saa nyingi. Tena seli nyingi za mwili haziwezi kuivunjavunja. Ini ndilo huigeuza kuwa chumvi za nyongo na kuitoa kwa njia ya choo. Seli iliyoelemewa na kolesteroli haina budi kuisafirisha, na seli za kinga zinazoshindwa kufanya hivyo ndani ya kuta za mishipa ndizo mwanzo wa mrundikano unaoziba njia za damu ya moyo.

Namna inavyotolewa ilifahamika kupitia ugonjwa adimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari wa Marekani, akiwemo Donald Fredrickson, walieleza habari za mtoto wa kisiwa cha Tangier, Virginia, ambaye matezi yake ya koo yalikuwa makubwa na ya rangi ya chungwa, na damu yake karibu haikuwa na HDL. Rangi ile ilitokana na kolesteroli iliyokwama ndani ya seli. Mwaka 1999 chanzo kilipatikana: hitilafu kwenye jeni ya ABCA1, protini ya utando inayotumia nishati ya seli kuipakia kolesteroli kwenye protini nyingine, itengenezwayo na ini na utumbo. Protini hiyo ikishapakiwa ndiyo huwa HDL. Maana yake HDL ni zao la upakiaji, na wingi wake hausemi upakiaji unaendelea kwa kasi gani, kama vile daladala nyingi zilizosimama stendi zisivyosema abiria wangapi wamefikishwa.

Dawa ya torcetrapib ililidhihirisha hilo kwa gharama kubwa. Iliizuia HDL kukabidhi mzigo wake kwa chembe nyingine, ikaipandisha kwa zaidi ya asilimia 70, lakini jaribio lake la watu wapatao 15,000 lilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliopewa dawa walikufa wengi zaidi. Ni kweli kwamba dawa hiyo pia ilipandisha shinikizo la damu, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu. Hata hivyo dalcetrapib, iliyofuata, nayo iliongeza HDL bila kupunguza mishtuko ya moyo. Kwa upande mwingine, utafiti wa Dallas uliochapishwa 2014 ulipima uwezo wa damu ya mtu kuvuta kolesteroli kutoka kwenye seli, ukakuta wenye uwezo mkubwa walipata maradhi ya moyo na kiharusi kwa uchache zaidi, HDL yao iwe nyingi au kidogo.

Pingamizi zito lilikuja 2024. Wagonjwa zaidi ya 18,000 waliotoka kupata mshtuko wa moyo walihusishwa katika jaribio la CSL112, dawa ya mshipani inayoongeza uwezo huo huo, na katika siku 90 haikuleta tofauti ya kutegemewa. Dozi nne za kila wiki ni kidogo mbele ya mrundikano wa miongo, lakini matokeo hayo yanazuia kusema kwamba kuharakisha utokaji kunatibu. Yanachoacha kikiwa imara ni hoja ya kipimo, nacho kina ugumu wake: kupima uvutaji wa kolesteroli huhitaji seli hai zilizokuzwa maabara na saa kadhaa za kusubiri, kwa hiyo hospitali nyingi hazikifanyi. Mwenye LDL ya juu aitibu hiyo, ambayo kuishusha kumethibitika kuokoa maisha, hata kama HDL yake inapendeza.